Mahudhurio ya Mwalimu Leonia

Historia ya marehemu ilisomwa na Telesphory, mtoto wa kaka yake aliyetoka Kasulu, na ilijaa karatasi mbili. Mwalimu Leonia alizaliwa mwaka 1931. Alisomeshwa na masista, akafundisha miaka thelathini na mitatu, mingi kati ya hiyo katika shule moja ya Mwamgongo, kijiji ambacho mpaka leo watu hukifikia kwa boti. Hakujaliwa kupata mtoto. Ameacha mdogo wake mmoja, watoto wa ndugu zake kumi na mmoja, na wajukuu wengi.

Winfrida alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, anasubiri. Alijua jina lake litakuja mwishoni, kwenye habari za ugonjwa, na kweli habari hizo zilifika. "Katika miaka yake ya mwisho," Telesphory alisoma, "marehemu aliuguzwa na jirani mwema." Kisha akakunja karatasi, akazitia mfukoni, na padri akaendelea na ibada.

Telesphory si mtu mbaya. Ni mtu wa Krismasi tu. Alikuja mara moja kwa mwaka, akala, akapiga picha na shangazi yake, akaondoka kabla mvua haijaharibu barabara. Lakini huyo jirani aliyemwandika alikuwa amelala chumba cha pili nyumbani kwa marehemu kwa miaka thelathini na minane. Alijua chai ya Mwalimu inatiwa sukari kiasi gani na ni goti lipi humuuma mvua ikikaribia. Kama huo ni ujirani, basi hapa duniani hakuna ndugu.

Winfrida alifika Mwamgongo mwaka 1986, msichana wa Singida aliyepangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati. Alishuka kwenye boti ametapika njia nzima, hajui neno la Kiha, na nyumba ya muuguzi haikuwa na bati hata moja. Mwalimu Leonia alimtazama, akachukua begi lake, akatangulia nalo nyumbani kwake. Alimwambia atakaa pale mpaka bati zipatikane. Bati hazikupatikana. Mwalimu alipostaafu na kuhamia Kibirizi, kwenye nyumba ndogo juu ya mwalo wa boti, Winfrida aliomba uhamisho wa kuja mjini, akamfuata. Watu waliwazoea. Wachumba wawili walikuja kumposa Winfrida, wakanywa chai, wakaenda zao, na yeye hakuona kama amepungukiwa na kitu.

Darasani Mwalimu alikuwa na sheria moja, na kila aliyepita mikononi mwake anaijua. Jina likiitwa asubuhi, lazima liitikiwe: nipo, Mwalimu. Mwenye jina asipokuwepo, anayekaa karibu naye ndiye anayemsemea, na lazima aseme mwenzake yuko wapi na ana hali gani: yuko ziwani, anaumwa, analea mdogo wake. Kusema hayupo na kunyamaza hakukutosha. Siku za giza, wavuvi wanapotoka na taa kutafuta dagaa, nusu ya wavulana wa Mwamgongo waliamkia mwaloni, na Mwalimu alilijua hilo, hakumchapa mtu kwa ajili ya ziwa. Lakini jina likikosa wa kulisemea, alifunga daftari, akavua viatu, akakata mchanga kwa miguu mpaka mlangoni kwa mtoto huyo. Darasa zima lilimsubiri, na ole wake atakayepiga kelele.

Alipotimiza miaka tisini, akili yake ilianza kurudi nyuma. Ilirudi ikapita Kibirizi, ikampita Winfrida bila hata kumsalimia, ikaenda kutua kwenye darasa la pili la mwaka 1968. Kila asubuhi baada ya chai Mwalimu alikaa wima kitandani na kuita mahudhurio, majina arobaini na moja, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Siku ya kwanza Winfrida alinyamaza, hajui afanye nini. Mwalimu akateremsha miguu, akaanza kwenda kumtafuta mtoto, akaanguka mlangoni.

Tangu siku hiyo Winfrida akawa ndiye darasa. Nassib anaumwa tumbo, Mwalimu. Melania analea mdogo wake. Elikana yuko ziwani. Hakumfahamu hata mmoja wao. Aliwagawia shughuli kama zilivyomjia mdomoni, kisha akazishika asije akajichanganya, maana Mwalimu alikuwa na kumbukumbu kali kwa yale aliyoyakumbuka. Miaka mitatu ikapita hivyo. Nassib hakupona, na Elikana hakutoka ziwani.

Yeye mwenyewe Mwalimu alimwita "wewe mama". Hilo lilimuuma kuliko kubeba maji na kugeuza kitanda. Asubuhi moja, jina la arobaini na moja lilipokwisha, alijikaza akauliza.

"Mwalimu, na Winfrida je?"

Mwalimu Leonia alishusha kidole hewani, polepole, kutoka juu mpaka chini, kama mtu asiyetaka kumdhulumu mtoto. Kisha akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Hilo jina sinalo, mama. Labda mumpeleke shule nyingine."

Winfrida alicheka. Alikwenda jikoni akiwa bado anacheka, na huko akalia mpaka ugali ukaungua.

Elikana alifika kesho yake baada ya mazishi, kwa boti ya kutoka Kagunga, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye. Aliposema jina lake na kwamba alikuwa darasa la pili lile, Winfrida alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akamwambia yeye si wa kukaa pale, yuko ziwani. Ikabidi amweleze yote. Elikana alisikiliza kichwa kimeinama. Kumbe maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na maji aliyaogopa tangu mtoto. Hata hiyo boti aliipanda amefumba macho. Walicheka tena wote wawili. Halafu mzee akaacha kucheka.

"Na wewe, dada, nani alikuwa anakusemea?"

Winfrida alijibu kwamba yeye hakuwemo kwenye daftari. Elikana alikaa akipapasa pindo la koti lake, kama mafundi wanavyofanya, mpaka chai yake ikapoa.

Siku ya tatu matanga yalianuliwa. Telesphory na wenzake waliondoka asubuhi kurudi Kasulu. Alimwambia Winfrida, kwa upole kabisa, kwamba anaweza kuendelea kuishi pale kadiri atakavyopenda. Ndivyo mgeni anavyoambiwa. Winfrida alimshukuru, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kumwambia, kisha akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nyumba ilikuwa kimya. Saa ya mahudhurio ilifika, akajikuta amesimama mlangoni pa chumba kile ameshika kikombe, anasubiri aitwe Nassib.

Hakuweza kukaa mle ndani. Mchana alimsindikiza Elikana mwaloni. Boti za kaskazini zilikuwa zinapakia magodoro na makreti ya soda. Hatua chache kutoka majini, Yunisi alikuwa ameinama anatandaza dagaa juani. Ni mtoto wa Mwamgongo, mwanafunzi wa mwisho mwisho wa Mwalimu, na miaka yote hii amekuwa akiwauzia dagaa watu wa ile nyumba ya juu. Alimwamkia Winfrida, akaendelea na kazi yake.

Elikana alipanda, akatafutiwa nafasi katikati, mbali na ukingo. Winfrida alidhani atafumba macho moja kwa moja. Lakini boti iliposukumwa na vijana na kuanza kuelea, mzee alisimama, ameshika bega la abiria wa jirani. Akamtazama Winfrida, akaita kwa sauti ya juu na kavu, kama ya Mwalimu, sauti ambayo darasa zima lingeiinulia vichwa.

"Winfrida."

Winfrida alifungua mdomo. Jina lake lilikuwa limeitwa, na alitakiwa kusema neno moja tu, neno ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kulisema kwa ajili yake mwenyewe. Ikatoka kwikwi tu. Elikana aliendelea kusimama. Mwendesha boti alimwambia akae, hakukaa. Alikuwa anasubiri kama Mwalimu alivyokuwa akisubiri, na maji kati yao yalizidi kuwa mapana.

Yunisi hakuinua hata kichwa. Mikono yake iliendelea kutandaza dagaa, na mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa akiwa na miaka minane.

"Yupo, Mwalimu. Analia."

Elikana akaketi.