Wivu Wangu kwa Wifi na Mafua ya Kibonge

Mwanangu wa kumzaa mwenyewe, mwaka mmoja na nusu, aliniita shangazi.

Nilikuwa nimerudi kazini nimechoka, nikapiga magoti mlangoni, nikanyoosha mikono. Kibonge akaniangalia, akasema "Shazi", kisha akageuka akamkimbilia wifi yangu. Yule ndiye aliyemwita mama.

Wifi akacheka kwa aibu. "Watoto bwana, wanachanganya mambo."

Na mimi nikacheka. Halafu nikaingia chumbani nikalia na viatu miguuni.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Hajaolewa na hana mtoto. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha alikuja kukaa nasi ili amlee Kibonge, mimi nirudi kuuza duka la dawa. Hajawahi kunikosea. Nilikuwa natafuta kosa lake kwa tochi na silioni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kibonge alikuwa hali mpaka alishwe na wifi. Halali mpaka abembelezwe na wifi. Mimi nikimbeba, anapiga kelele kama nimemwiba kituoni. Mume wangu naye kila saa ni "dada kasema hivi, dada kafanya vile". Nilikuwa na roho ya kwa nini, siwafichi.

Basi, Jumatatu mtoto akaamka na mafua.

Hapo nikajiona mwenye nyumba tena. Mafua ni eneo langu. Miaka sita nasimama nyuma ya kaunta nikiwasikiliza wazazi, na nina maswali yangu nimeyakariri. Anakunywa? Anakojoa? Anacheza? Homa ina siku ngapi? Anapumuaje? Majibu yakiwa mazuri, namwambia mzazi arudi nyumbani, ampe mtoto vinywaji mara kwa mara, amdondoshee maji ya chumvi puani, asubiri. Majibu yakiwa mabaya simuuzii kitu, namwelekeza hospitali.

Kibonge alipata kajoto kidogo, lakini alikuwa anacheza na anakunywa vizuri. Nikamwambia wifi ni mafua tu, yatapita. Jumatano joto likaisha. Nikatembea kifua mbele siku nzima.

Alhamisi asubuhi nachana nywele, wifi akasimama mlangoni na mtoto begani.

"Wifi, joto limerudi. Na leo sijampenda anavyopumua."

"Ana mafua, pua imeziba. Unataka apumueje?"

"Maziwa kayakataa. Mimi naona apelekwe hospitali."

Ningeweza kuweka kitana chini nikamwangalia mwanangu. Ni hatua tatu tu. Lakini mtoto alikuwa amelaza kichwa kwenye shingo yake, kajikunja pale kana kwamba ndipo alipozaliwa, na wivu ukanikaba. Nikaona hapa natafutiwa aibu. Nikikubali, jioni mume wangu ataimba wimbo wake wa dada kasema.

Nikamwambia, "Wifi, kwani wewe umezaa wangapi?"

Alimpigapiga mtoto mgongoni taratibu, macho yake yakiwa sakafuni.

Nami badala ya kuona haya nikaongeza, "Asipelekwe popote bila mimi." Nikachukua mkoba nikaondoka.

Kazini mikono ilifanya kazi, kichwa hakikuwepo. Kwenye saa nne akaja baba mmoja mwenye ovaroli ya gereji, anataka dawa ya mafua ya binti yake wa miaka miwili. Nikamshushia maswali yangu.

"Homa?"

"Ilikuwepo, ikaondoka. Jana ikarudi."

"Homa ya mafua ikiondoka halafu ikarudi, usiisubirie nyumbani," nikamwambia. "Mpeleke leo."

Akashukuru, akaondoka. Nikabaki nimeshika kaunta, maneno yangu mwenyewe yananirudi masikioni.

Nikatoa simu. Nikaitafuta namba ya wifi, nikaiangalia. Nikipiga ni kama nimesema ulikuwa sahihi. Ndugu zangu, niliirudisha ile simu mfukoni. Mama mzima, najua kabisa dalili, nikairudisha.

Haikupita nusu saa nikamwona wifi anaingia dukani, ndala za nyumbani miguuni, jasho linamtiririka, Kibonge kafungwa kifuani kwa khanga.

"Ulisema asipelekwe popote bila wewe," akasema. "Nimekuja kukuchukua."

Nikafungua khanga pale pale mbele ya wateja. Nikapandisha fulana ya mtoto. Kila akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea kwa ndani. Nikatazama saa ya ukutani nikahesabu dakika nzima. Pumzi hamsini na sita. Kwa umri wake, ikifika arobaini tu tayari ni haraka. Nikamfunga tena kwenye khanga, tukatoka mbio.

Hospitali tulipokelewa mbio. Daktari mmoja mwanamke, mwenye sauti ya upole, akaanza kuuliza huku muuguzi anamwekea Kibonge mrija wa oksijeni puani. Yalikuwa maswali yangu yale yale ya kaunta.

"Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi?"

Sikujua.

"Mara moja, kidogo," wifi akajibu.

"Mara ya mwisho kunywa kitu?"

"Saa mbili. Vijiko vitatu vya maji, akatapika."

Daktari akawa anaandika majibu ya wifi. Akamwita mama. Wifi hakumsahihisha, na mimi sikuwa na uso wa kusahihisha.

Ilikuwa nimonia. Mume wangu alifika akihema, nguo za kazi zimejaa rangi. Ni fundi rangi, alishuka kwenye ngazi akaja hivyo hivyo. Daktari akatuambia, "Mmemuwahi. Mngengoja mpaka jioni tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Nani aliyegundua hali yake?"

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, leo ndiyo mwisho wa ndoa.

"Mama yake," wifi akasema, akaninyooshea mkono. "Anauza duka la dawa, anazijua dalili."

Mume wangu akanikumbatia mbele ya watu wote. Akanilowesha bega kwa machozi. Nilitakiwa kusema. Sikusema. Na mnajua nilichokuwa nawaza kwenye kumbatio lile? Nilikuwa nawaza kwamba hata kwa wema amenizidi. Nilimwonea wivu mpaka kwenye uongo alioutunga kuniokoa.

Kibonge alilazwa siku nne, akapona. Sasa hivi ninavyoandika anabomoa droo ya vijiko.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia ningependa.

Siku tuliyotoka hospitali mume wangu alimkalisha dada yake sebuleni. Alikuwa kajipigia hesabu zake kichwani hivi: Mke wangu ndiye aliyegundua, na mke wangu alikuwa kazini, kamwona mtoto mara moja tu, basi aliyeshinda na mtoto alikuwa anatazama nini?

"Dada, mtoto anafikia hali ile mikononi mwako, wewe huoni?"

Wifi akanitazama. Mara moja tu, wala si kwa ukali. Alinipa nafasi.

Nikainuka nikaenda kupasha maziwa.

Nikiwa jikoni nikamsikia anasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Sikuwa makini." Asubuhi yake akafunga begi akaondoka.

Imepita miezi miwili. Ukoo mzima wanamsema wifi kwamba nusura aue mtoto wa mdogo wake. Mimi wananiita shujaa. Bosi wangu anawatolea wateja mfano wangu, nami nasimama pale natabasamu kama picha ya kitambulisho.

Niliyemtaka aondoke kaondoka, mtoto nimebaki naye peke yangu, na bado sijawahi kuwa na wivu kama nilionao sasa. Namwonea wivu mtu anayeweza kulala akijua alifanya lililo sawa.

Wazazi wenzangu, mafua mengi yanaisha yenyewe. Lakini mtoto akigoma kunywa, akikojoa kidogo, homa ikiondoka halafu ikarudi, akapumua mbio au mbavu zikabonyea, usiulize aliyeona dalili ni nani na kazaa wangapi. Mbebe mtoto mwende.

Simulizi hii sikuianzia hapa. Nimeituma kwanza kwenye kundi la familia, nikamtumia na mume wangu peke yake. Familia wameshaisoma. Mume wangu kaisoma akiwa amekaa pembeni yangu, akaweka simu mezani, akachukua funguo.

Nikamuuliza anaenda wapi.

"Kumwomba radhi dada yangu," akasema. "Wewe yako kaiombe mwenyewe."