Siku Nambela Alipoacha Jiko

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za chuo, mwanangu, ilianza na kuni mbichi. Lakini kaa kwanza. Hilo begi liache hapohapo mlangoni, maana sijakubali bado kwamba umerudi nyumbani. Unasema Mkuu wa chuo chenu amekuita ofisini akakushauri upunguze hasira, kwamba hasira haimfai mtumishi wa Mungu. Mimi shangazi yako nimehubiri Mbozi yote hii mpaka sauti imechakaa, na hasira ninayo mpaka leo. Sasa nisikilize, kisha ndiyo uamue kama begi linaingia ndani au linarudi barabarani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kufunguliwa na Tunduma kujaa mitumba na vitenge. Mimi nilikuwa msichana wa Ikinga, nimetumwa na usharika wetu kusomea theolojia huku juu kwenye mashamba ya kahawa. Chuoni tulikuwa wanawake wawili tu katikati ya wanaume. Mwenzangu aliitwa Nambela, Mnamwanga kutoka bondeni Momba, mbele ya Chitete. Mrefu, mweusi, anacheka kwa sauti kubwa mpaka walimu wanageuka. Wazazi wake walishafariki, akalelewa na mjomba wake mfugaji.

Maisha ya chuo unayajua, hayajabadilika sana. Chuma kinagongwa asubuhi kukiwa bado na ukungu, mnakwenda ibada mkitetemeka, mnafagia, mnakunywa uji, mnaingia darasani. Mchana shamba la chuo. Jioni kujisomea. Nilikuwa na furaha, mwanangu, usidhani nilizaliwa na uso huu. Kuimba zaburi kwenye ile baridi, na Nambela pembeni yangu anashika sauti ya pili, nilikuwa nahisi Mungu yuko hapo kwenye benchi letu, amebanwa kidogo na sisi.

Na Nambela alikuwa na kichwa! Kigiriki, lile somo lililowatoa jasho wanaume wazima wenye watoto, yeye alilishika kama aliyerudi kwenye lugha ya nyumbani. Mtihani wa kwanza alikuwa wa kwanza, na aliyemfuata alikuwa mbali.

Kisha mpishi wa chuo, mzee mmoja mpole, aliugua mgongo akarudi kwao. Mkuu wa chuo alisimama baada ya ibada akasema, "Dada zetu watatusaidia jikoni kwa muda." Kwa muda! Nikisikia maneno hayo mpaka leo natamani kurusha kitu. Hakuna aliyetafutwa. Muda ule ukavuka likizo, ukavuka pasaka, ukawa ndiyo utaratibu. Wenzetu wanaingia darasani, sisi tunachambua maharage. Wenzetu wanajifunza kuhubiri, sisi tunasonga ugali wa bweni zima. Wakija wageni, ndiyo kabisa, siku mbili hatuoni darasa.

Nambela akachukua mkaa akaandika maneno ya Kigiriki ukutani, juu ya mafiga. Anasonga ugali huku anayataja. Na wale wanaume, bila haya, walikuwa wanakuja dirishani kumwuliza maswali. "Dada Nambela, hili neno linageukaje?" Anawajibu, mwiko mkononi. Wanaandika, wanashukuru, wanakwenda. Hakuna hata mmoja aliyesema, toka humo nikushikie mwiko.

Matokeo ya mtihani wa pili yakasomwa mbele ya darasa. Tulikuwa mwisho, mimi na yeye. Mwalimu wa Kigiriki akakunja karatasi, akatabasamu. "Hawa dada zetu Bwana amewapa karama nyingine," akasema. Darasa likacheka.

Nambela akanyoosha mkono. Alikuwa na adabu, alisimama wima.

"Mwalimu, naomba kusema. Siku uliyofundisha yale yaliyoulizwa, mimi na Subilaga tulikuwa tunapika chakula ulichokula wewe."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akamtazama. "Hicho unachokisema, dada, kinaitwa kiburi. Keti."

Akaketi. Nikaona mikono yake juu ya dawati, imejaa makovu ya moto.

Sasa ndiyo tufike kwenye zile kuni. Baada ya wiki chache ilitangazwa kwamba wajumbe wa bodi ya chuo wanakuja. Kuku wanne walifungwa nje ya jiko tangu jioni. Alfajiri mvua ya Machi inanyesha, kuni zimelowa, mimi nimepiga magoti napuliza mpaka machozi yananitoka. Chuma kikagongwa cha kipindi cha kwanza. Nambela akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akachukua daftari lake.

"Mimi naingia darasani," akasema.

"Na wageni je?"

"Wageni wana njaa ya mchana mmoja. Mimi nina njaa ya mwaka mzima."

Nikasimama nikamfuata. Tukakaa benchi letu, tunanuka moshi. Mwalimu alitushangaa, akaendelea. Mwanangu, sijawahi kusikiliza somo kwa utamu namna ile. Lilikuwa somo la historia ya Kanisa, kavu kabisa, lakini lilinoga.

Wageni wakafika saa sita. Gari lao limetapakaa tope, wenyewe wamechoka. Mezani hamna kitu. Mkuu wa chuo akaja mlangoni mwa darasa, midomo imekauka. "Nani amewaruhusu kutoka jikoni?"

Nambela akajibu kwa upole, "Mkuu, chuo kilituita kuja kusoma."

Nikageuka kuwatazama wanaume. Nilitazama benchi moja moja. Watu walioshinda dirishani petu, watu waliokula mikononi mwetu, leo hii kila mmoja anakagua kalamu yake. Hao ndio waliokuwa wanajiandaa kwenda kuhubiri habari za wanyonge. Hapo ndipo hasira hii ilipozaliwa, na sikumwona shetani hata mmoja akiileta.

Tuliambiwa tutajadiliwa na baraza la chuo, na kila mmoja aje na mzazi au mlezi. Baba yangu, babu yako, alitoka Ikinga kwenye mvua, akatembea mpaka alipopata lori. Alifika suruali imelowa mpaka magotini, kofia mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa, walimheshimu. Lakini mjomba wa Nambela taarifa haikumfikia kwa wakati. Barabara ya Chitete ilikuwa imekatika, magari hayapiti. Nambela aliomba wangoje maji yapungue. Walikataa.

Baba alisema, "Waheshimiwa wachungaji, mtoto wangu kupika alifundishwa na mama yake. Nilimleta hapa kwa jambo lingine. Kama amekosa kuwaheshimu wageni, naomba msamaha. Lakini nirudishieni huyu mwanafunzi darasani."

Wakanong'onezana. Wakanipa onyo, wakasema kwa heshima ya mzee huyu nitaendelea na masomo. Baba akashukuru, halafu akaelekeza kofia yake kwa Nambela aliyesimama peke yake karibu na mlango. "Na huyu binti?"

"Huyu si wako, Mzee."

Baba akanyamaza. Wakamfukuza Nambela palepale. Waliandika kwamba ni mkaidi, kwamba hana hata mlezi wa kumsemea, na kwamba hilo lenyewe linaonyesha malezi yake. Umesikia? Mvua ilikata barabara, wao wakaihesabu kuwa dhambi ya yatima!

Nje nilimgeukia baba yangu kwa ukali ambao sikuwahi kuuthubutu. "Kwa nini umenyamaza?"

"Niliogopa, mwanangu," akasema. "Niliogopa wasije wakakufukuza na wewe." Alikuwa karibu kulia. Nilimkasirikia kwa miaka. Baadaye nilipopata watoto wa kulea nikamwelewa, ila kumwelewa mtu siyo kusema alifanya sawa.

Nikakimbilia bwenini nianze kufunga vitu vyangu. Nambela alikuwa ameshafunga sanduku lake la bati. Akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Naondoka na wewe."

"Huendi. Ukinifuata, mwaka kesho watasema walijaribu wanawake ikashindikana. Baki, Subilaga. Baki hata wakikuchukia."

Akajitwika sanduku, akashuka mlima kwenye tope. Hakuna aliyempa hata mwavuli.

Nilimaliza. Walishaleta mpishi, maana aibu ile mbele ya wajumbe iliwauma. Siku hizo kanisa letu lilikuwa halijaanza kubariki wanawake kuwa wachungaji, kwa hiyo nikapangiwa uinjilisti Tunduma. Na huko, unadhani nilipewa nini? Kila kikao cha wachungaji mimi ndiye wa chai. Siku moja nikavua aproni katikati ya kikao nikatoka, nimeamua kwamba imetosha, narudi Ikinga kulima.

Nikakatiza sokoni. Nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa, "Mwapoleni mukwai!" anawasalimu wateja wa Zambia kwa Kibemba chao, kisha kicheko kile. Nambela! Amekaa katikati ya vitenge, mtoto mgongoni, amenenepa, mzuri. Tulishikana tukalia mpaka wateja wakaanza kutucheka. Alikuwa ameolewa Chapwa na ana biashara yake. Nikamwuliza kama bado anakwenda kanisani.

"Kila Jumapili. Mungu sijagombana naye," akasema. "Nimegombana na baraza."

Basi nikafungua moyo wangu wote. Chai, vikao, dharau, kwamba nimechoka, kwamba naacha. Nilitegemea anibembeleze. Aliacha kukunja kitenge.

"Hayo yote ulishayasema kwao?"

"Watanisikiliza wapi?"

"Nimekuuliza, ulishayasema?"

"Bado."

"Sasa umekuja kuniambia mimi nifanye nini? Mimi ndiye niliyekutuma uchemshe chai?" Sauti yake ilipanda mpaka jirani zake wakageuka. "Mimi walinitoa, Subilaga. Walinitoa wakafunga mlango. Wewe uko ndani, halafu unatoka kwa miguu yako mwenyewe uje unililie! Hizo hasira wapelekee wanaohusika. Mimi nina wateja."

Akanigeuzia mgongo, mwanangu, akaendelea na mteja wake. Sijawahi kukemewa namna ile na mtu ninayempenda. Nikarudi. Kikao kilikuwa bado kinaendelea. Nikasimama mbele yao nikasema sitapika tena chai, na kama kuna kazi ya neno nipewe, na kama haipo waniandikie hivyo, na wasaini. Hawakuthubutu kuandika. Mwezi uliofuata nikapewa mtaa wangu wa kuhubiri.

Sisemi mambo yakawa mepesi. Niligombana nao miaka na miaka, na Nambela alikuwa ananiuliza kila nikipita sokoni, "Leo umewaambia nini?" Kanisa lilipokubali, nikabarikiwa. Alikuja, akakaa mbele, akapiga vigelegele peke yake pale ambapo wengine walinyamaza. Baadaye nilipelekwa kufundisha chuo kilekile, nikaweka zamu ya jiko kwa wanafunzi wote. Wanaume walinung'unika, wakaunguza maharage, wakayala. Nikaomba pia baraza limwombe Nambela radhi, kwa maandishi. Wakasema hayo ni mambo ya zamani, tusichimbue. Nikaomba tena. Nikaomba kila mwaka. Nambela akafa kwa ini kabla hawajaomba.

Na msibani kwake, Tunduma, mhubiri alikuwa nani? Mmoja wa wale waliokuwa wanakuja dirishani. Sasa ni mtu mkubwa, ana joho, ana gari. Akamsifu marehemu. Akasema alimfahamu tangu ujana, dada mkarimu aliyejua kuwapikia watumishi wa Mungu, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa karama yake.

Nilisimama, mwanangu. Katikati ya waombolezaji.

"Mchungaji, samahani. Nambela alikuwa mwanafunzi wa theolojia. Alikuwa wa kwanza darasani kwa Kigiriki, na wewe alikufundisha yeye. Alifukuzwa kwa sababu alitaka kusoma, na sisi sote tulikuwepo. Watoto wake wasikie."

Nilifikiri watanitoa. Kisha binti yake mkubwa, aliyekuwa ameegemea jeneza, akainua uso. "Mama alisoma chuo?" akauliza. "Hakuwahi kutuambia." Nikaenda nikakaa chini karibu naye, nikamsimulia palepale, kwa sauti, mambo yote niliyokuambia wewe leo. Mhubiri alisimama na karatasi yake mkononi akisubiri nimalize. Akasubiri sana.

Basi, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Hasira yako isikutie aibu. Atakayekuambia uipunguze, mwulize kwanza kama amepunguza kile kilichoileta. Lakini usiitupe ovyo. Usiwamwagie wenzako bwenini, usiniletee mimi na begi, usimpelekee mama yako akose usingizi. Ipeleke kwa mwenye mlango, kwa adabu, kwa maneno machache, ukiwa umesimama wima. Soma kuliko wote, ili wasipate pa kukushikia. Usiache kusali hata siku ambayo wanaosali na wewe wanakuudhi, maana ibada ile si mali yao. Na ukiitwa kwenye baraza lolote maishani mwako, tazama nani amesimama peke yake karibu na mlango. Wakikuambia si wako, waambie ni wako. Hapo ndipo babu yako aliposhindwa, na mimi sitaki wewe ushindwe.

Kesho asubuhi kuna basi. Nitakuamsha mwenyewe. Bwana aliyekuita akutunze huko unakorudi, akupe akili nyepesi na mgongo mgumu. Akupe rafiki wa kukukemea unapotaka kukimbia. Aubariki ulimi wako usiseme uongo kwa kuogopa mkubwa, na uzee wako ufike ukiwa bado unaweza kukasirika. Amina. Sasa njoo tule.