Msimu Niliporefuka Botini

Utoto wangu unanuka dawa ya kuchua, ile kali ya kopo dogo inayotoa machozi kabla hujafungua kifuniko vizuri. Nilijipaka kila alfajiri chumbani kwetu Nakawa, dirisha wazi, nikiomba mama asiinuse. Nilikuwa na miaka kumi na minne, napiga makasia katika klabu moja ya ziwani upande wa Luzira, na goti langu la kulia lilikuwa limefura kama andazi. Kocha angejua, angenitoa kwenye boti la wasichana wanne kabla ya mashindano, na kiti changu angepewa rafiki yangu Nakato. Hofu hiyo iliniuma kuliko goti lenyewe.

Klabuni tulikuwa na desturi yetu. Kibao cha kukanyagia miguu kilifungwa mwanzo wa msimu, kikatiwa alama ya rangi ya kucha, na hapo hakiguswi hadi siku ya mashindano. Kukisogeza ni kualika nuksi. Nasi tuliamini kabisa! Basi msimu huo nikaanza kurefuka. Mama aliteremsha pindo la sketi yangu ya shule, akanung'unika, akaliteremsha tena, lakini ziwani hakuna aliyewaza kibao. Kiti kilipoteleza mbele magoti yalinipanda hadi kifuani, na nikisukuma, kitu kiliniuma chini ya pia ya goti. Nakato, mrefu kuliko mimi, alikuwa wa akiba na alifanyia mazoezi kiti hichohicho. Naye alichechemea. Tulitazamana tu, tukanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulidhani methali hiyo ni ya wazee.

Mama alinikamata nikishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, kwa kuwa hivyo maumivu yalipungua.

"Wee, umekuwa kaa? Hebu nione hiyo goti. Yesu wangu! Na umenyamaza?"

Kesho yake tulikuwa hospitali ya Mulago. Daktari wa viungo aliniketisha sakafuni nimwonyeshe ninavyopiga makasia, akauliza kibao kilifungwa lini, akamgeukia mama: "Nyabo, mtoto amerefuka, boti limebaki vilevile." Akasema nipumzike msimu mzima, nikikaidi nitaliharibu goti moja kwa moja. Nililia njia nzima, na mama hakunibembeleza.

Alikwenda mwenyewe kumwambia kocha. Kocha akachukua spana na kukisogeza kibao mbele yetu sote. "Banange!" wasichana wakaguna. Kiti akapewa Nakato. Nilimvuta kando, nikamsihi naye akaonyeshe goti lake.

"Wewe umekosa," akacheka, "sasa unataka na mimi nikose?"

Walishinda. Nilipiga makofi ufukweni huku moyo ukiniwaka kwa wivu, na Nakato akaendelea kupiga makasia juu ya maumivu yale miaka mingi.

Siku hizi mabinti wa ziwani wana viatu vya kisasa vinavyosogezwa botini, na kocha wao huwapima miguu kila mara, nami nafurahi. Ila mwezi uliopita Nakato alinipeleka kwao kumwona baba yake, mzee sana sasa. Kwao binti hupiga magoti kumsalimia mzazi. Mimi, mgeni, Mjaluo, nilipiga magoti bila shida. Nakato alibaki wima mlangoni, ameshika ukuta, akimwomba baba yake radhi.