Vifaa vya Kutembea Salama Mwezini

Aibu hii nikiisimulia bado nakasirika, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Ifakara, na likizo nzima nilihangaika kutengeneza vifaa vya wanaanga: fimbo yenye kitako kipana kama sahani isizame kwenye vumbi la Mwezi (wazo nililipata nikichomoa mguu kwenye tope la majaruba ya mpunga ya Lumemo), pamoja na mkanda wa kiunoni unaotetemeka mtu akianza kupepesuka. Mshindi wa maonesho ya ubunifu ya hapa kwetu alikuwa anakwenda Morogoro kushindana kimkoa, na mimi Morogoro nilikuwa naiota.

Kosa langu moja tu, karatasi ya manila ilikuwa fupi, nikaliacha neno "wanaanga". Nikabandika: VIFAA VYA KUTEMBEA SALAMA MWEZINI. (Mnakijua Kiswahili chetu, mwanamke akiwa mwezini hayuko angani.)

Mara kina mama wa mtaa wa Viwanja Sitini wamejaa mezani kwangu. Mmoja akainua mkanda, akanong'ona, "Madamu, huu unafuliwa?" Mwingine akaitazama fimbo kwa huruma, "Na hii sasa, mwanangu, inakuwaje?" Naeleza habari za anga, wao wananiitikia tu, "Tunaelewa, usione haya." Haya gani! Majaji wa teknolojia wakasoma bango, wakatazama chini, wakasema niende kwa watu wa afya ya uzazi, wakapita zao bila hata kugusa fimbo.

Nikapandwa na hasira, nikamfuata mshereheshaji jukwaani awatangazie majaji warudi. Akachekelea, "Pole madamu, leo uko mwezini kwelikweli." Nikampokonya kipaza sauti (kumbe kinawaka), nikafoka, "Mimi siko mwezini! Hapa hakuna aliye mwezini!"

Uwanja wote ukanigeukia. Mzee mmoja wa Kisukuma akajibu kwa upole, "Basi mama, tumekusikia."

Mgeni rasmi, mama mtu mzima, akanikabidhi katoni ya taulo za kike kwa ajili ya "kampeni yangu". Ningefanyaje? Nikampigia shikamoo, nikapokea kwa mikono miwili, huku mwenye mashine ya kupura mpunga akishangiliwa kwenda Morogoro. Taulo niliwagawia wasichana wangu wa shuleni, walizihitaji. Lakini watu wazima wenye digrii kuikimbia meza kwa sababu ya neno moja, hilo siwasamehe.

Mwezi sitaki tena kuusikia. Mwakani wanaanga wangu wanatua Mirihi, na jina nitaliandika kwa kirefu, hata kama karatasi itatoka nje ya mji ifike Mkula.