Jaketi la Nyongeza

Ghalani pale hakuna cha moja moja. Ukitaka sabuni, beba katoni. Ukitaka mchele, beba gunia. Unaingia kwa kadi ya uanachama, na akina mama wa mtaa wetu wa Ng'ambo tulitumia yangu, tukirudi tunagawana barazani kwangu huku tunazozana. Siku ile nilifuata mafuta ya kupikia tu, Mungu shahidi.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, fundi simu. Akaiona kayaki, moja tu iliyobaki, imelazwa juu ya marobota ya vyandarua: mtumbwi mwembamba wa plastiki, wa mtu mmoja, na kafi lake. Ukinunua, unapewa jaketi la kuelea, nyongeza.

"Dada, bwawa lote lile la Igombe limelala bure!"

Kuogelea hajui. "Nitajifunza mbele ya safari," akasema. "Si jaketi lipo?"

Mtunza stoo alikuwa Mzaramo, mtani wetu. Sisi Wanyamwezi na wao tunataniana tangu babu zetu wabebe pembe kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Akalibonyeza lile jaketi. "Mnyamwezi na maji wapi na wapi? Hili linakunywa maji kuliko ng'ombe wa mnadani kule Choma. Chukueni na jora la sanda, nalo tunauza kwa jumla."

Tukacheka, na tajiri wake aliyesimama nyuma yetu naye akacheka. Mdogo wangu akamjibu, "Wewe unanyemelea ubwabwa wa msiba tu, huna lolote!"

Juma zima alijifunza kupiga kafi uani, amekaa ndani ya kayaki juu ya mchanga, kuku wanamkimbia. Nilicheka, lakini roho haikutulia. Kila nikianika nguo naliona lile jaketi kwenye kamba, limening'inia halina mtu. Nikamwambia tulitose kwanza kwenye pipa la maji, tuone.

"Dada, na wewe umeanza kusikiliza watani?"

Nikaliacha pale pale kwenye kamba. Nani anasikiliza watani?

Asubuhi ile Igombe maji yalikuwa yametulia, na mimi sikuyapenda. Akaenda vizuri, jamani, vizuri kabisa, akanipungia mkono. Upepo ulipoanza nikamwita arudi. Alipogeuza, kayaki ikalala ubavu, akamwagika. Nilikiona kichwa chake, na jaketi limemvimba mabegani kama godoro lililonyeshewa. Halikumwinua. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Wavuvi walimtoa jioni.

Msibani watani ndio wachangamshaji. Walikuja, wakalala mkekani wakijifanya maiti, wakalizuia jeneza mpaka tuwape chochote. Hata mama alitabasamu kidogo. Kisha akaja mtunza stoo. Akavua viatu, akakaa kimya. Watu wakamngoja.

Shangazi akamchokoza: "Mtani, leo umemeza nini?"

Akainuka, akachukua viatu vyake. Mimi nikalikumbuka neno lake la ghalani, kwamba linakunywa maji. Alipotoka nikamfuata mpaka nje, sikujali watu.

"Ulijua?"

"Majaketi yalilowa stoo, bati lilipovuja, yakaharibika ndani. Moja nililinyanyua, zito kama gunia."

"Sasa mwanaharamu wewe, kwa nini hukusema?"

Aliniangalia, macho mekundu.

"Nilisema, dada. Tajiri alikuwa amesimama nyuma yenu. Ningesemaje tena?"