Bolti ya Sita

Gari letu la kuvuta magari mabovu, depaneze kama tulivyoliita, lilikufa huku linanguruma. Injini ya dizeli ilipiga kelele kama kawaida, dereva akakanyaga mafuta hadi mwisho, na magurudumu yakabaki palepale. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilifika mpaka kwa mlinzi wa langoni. Nikasema konvertisa imekwisha, na sikuhitaji kufungua kitu ili kujua.

Konvertisa ni chombo cha duara, kipana kama sufuria ya kupikia watu wa msibani, kinachokaa kati ya injini na sanduku la gia. Ndani yake mna feni mbili zinazotazamana, na mafuta. Feni ya injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma feni ya pili, gari linakwenda. Chuma hakigusi chuma. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na jambo hilo sikulipenda hata siku moja: kitu kusukumwa na kitu kisichokigusa.

Tulikuwa Kolwezi, miaka ile ya Zaïre ambapo wakubwa walivaa abakosi, yale makoti yasiyo na tai, na stoo ilikuwa na karatasi nyingi kuliko vipuri. Depaneze ndiyo iliyotoa malori yaliyoharibika kule chini ya shimo la machimbo. Bila hiyo kazi ilisimama. Mkuu wa gereji akanipeleka nyuma, kwenye mabovu, akanyoosha kidole, akaniita raia kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa enzi hizo.

"Sitwayen, konvertisa ni ile pale."

Ilikuwa pale kweli. Ilikuwa ndani ya depaneze yetu ya pili, iliyoteleza kwenye mteremko wa shimo wiki tatu kabla, na dereva wake ndani. Dereva tulimzika. Gari tulilivuta hadi nyuma ya gereji, limebonyea upande wote wa usukani, ila tumboni halikuwa na hata mkwaruzo.

Gereji yetu ilikuwa na desturi yake. Mtu akifia ndani ya mashine, hakuna anayechomoa hata skrubu mpaka mjane aje na beseni la maji, aoshe usukani, na kumwambia mumewe kwamba kazi imekwisha, aende. Walunda walisema desturi hiyo ilitoka kwetu sisi watu wa Kasai, na sisi tulisema ilitoka kwao. Wote tuliifuata. Mjane alikuwa bado kwenye kilio, siku ya kuosha haijafika. Nilimwambia mkuu. Akaniuliza kama maji ya beseni yanaweza kuvuta lori. Nikacheka naye, na kicheko hicho mpaka leo kinaniudhi.

Ijumaa, kwa amri ya mkuu, wenzangu walinisaidia kuishusha konvertisa ya marehemu na kuipandisha kwenye depaneze yetu. Jumamosi asubuhi walikwenda salongo, kufyeka nyasi na kufagia barabara kama serikali ilivyotaka, nami nikabaki peke yangu kumalizia. Zilibaki bolti sita tu, zile zinazoishika konvertisa kwenye injini. Unalala chini ya gari, unaingiza mkono kwenye dirisha dogo, unazungusha injini kwa mtaimbo mpaka bolti inayofuata ije mbele yako. Moja, mbili, tatu. Jua lilikuwa kali na gereji kimya kabisa.

Nilipofika ya sita, nimeishikiza kwa vidole tu, mtu aligonga mlango wa gari juu yangu. Mara tatu, kwa kiganja.

Ugongaji huo tuliujua wote. Nyumba ya marehemu ilikuwa kando ya barabara, ukishavuka tu reli ya kwenda Dilolo, na kila alipopita hapo saa kumi akirudisha gari alitoa mkono dirishani na kugonga mlango hivyo, ili mke wake ajue kwamba yuko mzima. Nikatambaa nikatoka. Hapakuwa na mtu. Nikajiambia ni bati linatanuka kwa joto. Sikuwa mtu wa mizimu mimi, nilikuwa mtu wa spana. Nikarudi chini, nikafunga kifuniko harakaharaka, kisha nikaenda salongo, mimi ambaye kila Jumamosi nilitafuta ugonjwa wa kuikwepa.

Dereva wa depaneze niliyoitengeneza alikuwa kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja; nilimwita yaya. Jumatatu alifika, akasimama kando ya gari bila kupanda.

"Balisha kuosha?"

"Balisha, yaya," nikamdanganya kwamba wameshaosha.

Alinitazama kidogo. Kisha akapanda, kwa sababu mimi ni mdogo wake na hakuwa na sababu ya kunishuku.

Gari lilivuta vizuri. Lakini baada ya siku chache kaka yangu alianza kula kidogo, akawa anaacha bukari, ugali wetu, nusu sahani. Nilipomuuliza alisema kuna kitu kinagonga chini ya miguu yake. Si kule shimoni, si kwenye mteremko. Ni saa kumi, akishavuka reli na kupunguza mwendo.

"Inagongaka pale tu," akasema. "Mara tatu. Mbele ya ile nyumba."

Papo hapo nikaikumbuka bolti ya sita. Niseme ukweli, nilifurahi. Bolti iliyolegea hugonga gari linapopunguza mwendo, na kosa la fundi ni kitu ninachokijua. Nikaingia chini, nikafungua kifuniko, nikaikuta inazunguka kwa vidole. Niliikaza kwa nguvu zangu zote. Kesho yake hakuna kilichogonga, na kaka yangu alimaliza bukari yake.

Siku ya tatu mjane alikuja langoni, kitambaa cheusi kichwani. Hakuwa na beseni. Aliuliza fundi ni nani, wakanionyesha, naye akaniita baba kwa heshima.

"Tata, mulimufanya nini bwana yangu?"

Nikajifuta grisi mikononi.

"Alikuwa anapitaka kila siku saa kumi. Anagonga. Leo siku ya tatu, hapite tena."

Nilimwambia yote. Nilimweleza amri ya mkuu na konvertisa, nikamwonyesha hata bolti ya namna ileile ili aelewe kilichokuwa kinagonga. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia pia kwamba hakuna aliyeosha kitu. Nilingoja mjane alie au anilaani. Yeye akaigeuza ile bolti mkononi.

"Hii kitu muliitia siku gani?"

"Wiki ya tatu kisha mazishi, mama."

"Mi nilianza kumusikia kesho yake ya kumuzika."

Siku hiyo konvertisa ilikuwa bado ndani ya gari lililobonyea, nyuma ya gereji.

Akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtoto. Mumewe alipokuwa hai, kila alipogonga, yeye alimjibu kwa kugonga sufuria kwa mwiko, mara tatu. Lakini aliyekufa hajibiwi kabla ya kuoshwa. Kwa hiyo kila saa kumi alisimama jikoni, ameushika mwiko, ananyamaza. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kuosha. Alikuwa anangoja amjibu mara moja tu, amwache aende.

"Sasa nitamujibu nani?" akauliza. Kisha akanirudishia bolti. "Fungula."

Kesho yake alikuja na beseni. Aliosha usukani uliobonyea, halafu akaosha wa kwetu. Nami nikalala chini ya gari na kulegeza bolti ya sita, jambo ambalo fundi hafanyi. Kaka yangu aliniambia nikae kando yake, kwa sababu kama kuna kitu kinakuja, kitukute wote wawili.

Saa kumi tulivuka reli, bila kitu kwenye ndoano. Akapunguza mwendo palepale, kwa kasi ileile. Nilitega sikio sakafuni. Kimya. Bolti ilikuwa imelegea, niliilegeza mwenyewe, na chuma hakikutoa sauti. Mjane alikuwa mlangoni, sufuria miguuni, mwiko mkononi, anangoja. Sikuvumilia. Nilinyanyua ngumi nigonge mlango mimi, mara tatu, apate cha kumjibu.

Kaka yangu alinidaka mkono, akaushika hivyo.

Mjane aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Kisha akagonga sufuria, moja, mbili, tatu. Akaiokota, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Yaya, ulisikia kitu?" nikauliza tulipofika gereji.

"Mi nilisikia," akasema, akaniachia mkono.

Nilikaza bolti alasiri hiyohiyo. Konvertisa nilizofunga baadaye ni nyingi, na kila mara nilihesabu bolti kwa sauti. Nikifika ya sita nilisimama kidogo, nikasikiliza. Hakuna aliyenigongea tena.