Nilivyotoa shukrani kanisani Kidete kwa molekyuli isiyo yenyewe

Wakuu, kwema? Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, aibu yenyewe inatosha.

Nasoma kemia, masters. Nyumbani ni Kidete, Kilosa.

Utafiti wangu ni mzizi unaochimbwa milimani upande wa Mikumi. Wazee wanauchemsha kwa ajili ya presha.

Nikaupima kwenye mass spectrometer, yaani mizani ya molekyuli. Uzito ukatoka sawasawa na wa dawa iliyo kwenye vidonge vya presha vya mama mkubwa, aliyenilea. Nikaruka lab nzima.

Supervisor akasema nitulie, uzito peke yake hautoshi, tutume sampuli nje.

Mimi huyo, gari la Kilosa.

Kwetu Waanglikana ukifanikiwa unatoka mbele na ukoo wako, kwaya inawasindikiza. Nikatoka na suti, kwa joto lile! Nikatangaza kuwa mzizi wetu na vidonge vya hospitali ni kitu kimoja. Vigelegele. Jogoo niliyemtoa sadaka akagombaniwa mnadani.

Jumamosi moja majibu yakaja.

Kule walitumia ion mobility. Molekyuli zinapewa chaji, halafu umeme unazisukuma kwenye bomba lenye gesi. Iliyojikunja inapenya upesi, iliyotanuka inagongana na gesi na kuchelewa. Chukulia watu wawili wa kilo sawa wanapita gulioni, mmoja kafunga mwavuli, mwenzake kaufungua.

Yangu na ya kidonge hazikufika pamoja. Ni isoma: atomi zilezile, uzito uleule, umbo jingine. Na umbo likiwa jingine, hakuna anayejua kama inatibu.

Nikampigia mama mkubwa.

"Vidonge nilishaacha, baba. Nakunywa mzizi. Kichwa tu ndiyo kinagonga."

Nikamsihi avirudie palepale. Akagoma.

"Ulisema mbele ya kanisa. Njoo useme hukohuko, siyo kwenye simu."

Nikalala gesti Mikumi, usingizi hakuna, alfajiri nikaunga Kilosa hadi Kidete. Nikamwomba mchungaji nafasi ya kusema neno. Nadhani alielewa ni shukrani nyingine, maana kwaya ikaanza, na mashangazi wakanisindikiza wakicheza, mmoja kabeba kuku.

Nikasema, "Nilikosea. Uzito ni sawa, kitu si kimoja. Wenye presha, msiache vidonge."

Kuku peke yake ndiye aliyechangia.

Mama mkubwa akasimama. "Kwa hiyo nimeze vya hospitali?"

"Ndiyo, mama. Na kesho nakupeleka ukapimwe."

Akafungua pochi, akatoa kidonge, akaomba maji, akameza mbele ya watu wote.

Halafu nikaona mabenchi ya nyuma wazee wengine wawili nao wanapapasa mifuko yao, wanatafuta vidonge.

Sikuwa nimewaza kabisa kuhusu wao. Nililia, na suti yangu.

Nilichojifunza: ukiambiwa majibu bado, baki lab. Na ukikosea hadharani, nenda ukasahihishe hadharani, hata kama kwaya inakupigia makofi.

Nani mwingine aliwahi kushangilia mapema? Uwanja wenu, nichekeni kwanza ndipo msimulie yenu.